Karatasi za Msumarini

Kitabu nilichokipenda kuliko vyote nilikikuta chooni, kimetundikwa kwenye msumari.

Kilikuwa choo cha shimo cha shangazi yangu, nyuma ya migomba, katika mashamba yaliyo juu ya Karatina. Kila nyumba ilikuwa na msumari wake. Watu walitundika magazeti makuukuu, kalenda ya mwaka uliopita, vitabu vya watoto waliokwisha kumaliza shule. Safari hii shangazi alikuwa ametoboa riwaya moja pembeni na kuipitishia kamba ya gunia. Jalada halikuwepo, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kutumika. Nilipoinua mkono nichane karatasi, nikaona maneno ya juu kabisa. Yalikuwa yanamhusu msichana wa jikoni ambaye mbele ya wageni aliitwa binti, na wageni wakishaondoka aliitwa wewe.

Sikuchana. Nilisoma ukurasa huo nimesimama, nikaufunua, nikasoma wa nyuma yake, kisha mwingine. Shangazi akaja kugonga bati la mlango.

“Ati umeanguka ndani?”

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na sikuwa nimewahi kusikia mtu yeyote akilisema jambo hilo. Sikujua kwamba linaweza kusemwa. Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye boma la ng'ombe bila kukumbuka nimetumwa nini.

Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa, na nyanya huyo ndiye aliyemzaa shangazi. Kwa hiyo shangazi hakuniita kwa jina langu. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, nami nilimwita Tata, yaani shangazi. Wanawake wa kanisa walipokuja kwake kunywa chai, alinishika bega na kuwaambia kwamba huyu ndiye mama yake, amezaliwa upya, amerudi kumtunza mtoto wake. Nao walicheka na kunisalimia kwa mikono miwili, na wengine wakainama kidogo jinsi wanavyomwinamia mwanamke mzee. Niliona haya mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Wageni wakishafika barabarani, neno lilibaki lile lile, ila sauti ilibadilika.

“Maitu, ng'ombe imelala na njaa. Maitu, maji imeisha kwa tangi na wewe umekaa tu.”

Msichana wa kitabuni alibadilishiwa jina. Mimi hata hilo sikufanyiwa.

Nilikuwa nimeletwa kwa ajili ya shule. Baba yangu analima upande wa Chaka, kule Kieni, ambako mvua ikikataa viazi vinabaki vidogo kama gololi. Nilipomaliza darasa la nane, shangazi alikuja na mikate miwili, akakaa kwenye kiti chetu kizuri, akamwambia baba, “Nipe mama yangu. Nitamsomesha sekondari, mimi ndio niko na jukumu yake.” Baba alifurahi sana. Alinifungia nguo zangu, nami nikaongeza daftari zangu zote za darasa la nane, kwa kuwa nilidhani nitazihitaji Januari ikifika.

Januari ya kwanza ng'ombe alikuwa karibu kuzaa na hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Januari ya pili binti yake shangazi, aliyekuwa chuoni Nyeri mjini, alipaswa kumaliza kwanza. Sikuuliza. Katika nyumba ile sikumbuki kama niliwahi kuanzisha mazungumzo. Nililala stoo, kati ya magunia ya chakula cha kuku na ukuta, na alfajiri nilikamua, nikapeleka maziwa barabarani, nikakata majani ya nepia.

Kitabu kilikuwa cha huyo binti yake, kilichobaki ndani ya sanduku lake la shule. Sikuweza kukichukua hivi hivi, kwa sababu msumari ungebaki mtupu na shangazi angeuliza. Nikatoa daftari zangu nikazitundika badala yake. Nilianza na la Hisabati, ambalo sikulipenda. Likaisha, nikatundika la Sayansi. La Kiswahili nilitaka liwe la mwisho.

Nilisoma kwenye foleni ya maziwa. Lori la kukusanya maziwa lilichelewa karibu kila siku, na watu walipanga mitungi yao ukingoni mwa barabara, wakaenda kuota jua na kuongea. Mimi nilikaa juu ya mtungi wangu. Nilikuwa nasoma polepole, kidole kikitangulia, na mara nyingi ukurasa mmoja ulimaliza asubuhi nzima. Wanaume wa foleni walinitania. Mmoja alizoea kuuliza kama leo Yesu amefika Yerusalemu, maana alidhani ni Biblia, nami nilitikisa kichwa tu.

Hakikuwa kitabu cha mambo makubwa. Msichana ameachwa utotoni kwa mwenye kinu cha kusaga mahindi. Anapika, anafua, anabeba. Mke wa mwenye kinu hampigi hata siku moja, na hilo ndilo lililonishika, kwa sababu hata mimi sikupigwa. Ukimwambia mtu kwamba hupigwi, unakula na unaitwa mama, anakuuliza sasa unalia nini. Msichana yule hakulia. Alikuwa anaweka. Kila neno aliloambiwa alilikariri usiku kama mtoto anavyokariri jedwali la hesabu, akajiahidi kwamba atayarudisha yote siku moja, na iwe siku ya wageni. Alisubiri nyumba ijae. Nami nikaanza kukariri ya kwangu.

Shangazi aligundua mwezi wa Desemba. Alitoka chooni ameshika karatasi ya daftari langu la Kiswahili. Ilikuwa insha, na juu yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba nimefanya vizuri, niendelee. Jina langu, ambalo ni la mama yake, lilikuwa pale juu.

Nilitegemea makelele. Hakupaza sauti. Aliingia stoo, akainua gunia la pumba, akatoa riwaya, akaniangalia kwa huruma kabisa.

“Sasa nimejua, Maitu. Mtu anataka shule hawezi weka daftari yake kwa choo. Mimi nilikuwa nimekutafutia nafasi mwezi wa kwanza. Lakini siwezi lazimisha mtu.”

Alilirudia hilo kwa wanawake wa kanisa, na kwa baba yangu kwenye simu, nikiwa nimesimama hapo hapo. Baba akaomba anisemeshe. Nilishika simu sikioni na maneno hayakutoka. Nilisikia akipumua, halafu akasema ni sawa, kama mimi mwenyewe sitaki.

Siku hiyo hiyo tulikuwa na kuku watatu wa kunyonyoa, na kuni zilikuwa zimenyeshewa. Shangazi alikipindua kitabu, akachana kutoka nyuma. Alichana kama mtu anayechambua mboga, karatasi moja moja, akizikunja na kuzisukuma chini ya kuni mpaka moto ukashika na maji yakaanza kulia kwenye sufuria. Kisha akanirudishia kilichobaki. “Hii ingine utawashia kesho,” akasema.

Sikukitia moto. Nilikimaliza baada ya wiki mbili hivi, pale barabarani, juu ya mtungi. Siku ya wageni ilikuwa imefika. Msichana aliingia sebuleni na sinia, akaliweka chini badala ya kuwapa wageni vikombe, akasimama mlangoni. Wakamtazama. Akafungua mdomo. Hapo karatasi ziliishia.

Sikujua alisema nini. Kwa miaka miwili nilimtungia maneno nikikata nepia. Wiki nyingine alimlaani mke wa mwenye kinu na uzao wake wote. Wiki nyingine alisema jambo dogo sana, lakini wageni walisimama mmoja mmoja wakaondoka bila kunywa chai. Nilijaribu sauti yangu mbele ya ng'ombe. Ilitoka nyembamba, ikakatika, nikarudia.

Halafu binti wa shangazi akapata mchumba, na watu wa mchumba wakaleta habari kwamba wanakuja kwa ruracio, kulipa mahari. Siku hiyo hema lilisimamishwa kwenye nyasi. Mukimo wa viazi na mahindi ulipondwa kwenye sufuria mbili kubwa, mbuzi akachinjwa, na mimi nikawa jikoni tangu kabla ya jua, nimevaa gambuti na leso iliyoungua pembeni. Wageni walipofika, wanawake wetu waliwashikia geti na kuwaimbisha mpaka wakachoka, ndipo wakawafungulia. Wazee wakaingia ndani kuongea. Walipotoka nyuso zao zilikuwa zimelainika, kwa hiyo tulijua mambo yamekwenda vizuri.

Ikaja saa ya mablanketi. Wageni huleta blanketi la mama wa bibi harusi, na la nyanya yake. Shangazi alivikwa lake, wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa nachungulia kutoka mlango wa jikoni na sufuria ya mchuzi mkononi. Msemaji wa wageni, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, aliinua blanketi la pili, la rangi ya damu ya mzee, akauliza cucu yuko wapi. Cucu ni nyanya.

Shangazi angeweza kusema kwamba mama yake alikufa. Blanketi lingerudi kwenye mfuko, basi. Lakini alikuwa amezoea sentensi ile kwa miaka mingi, na kila mara ilikuwa imemletea kicheko na sifa.

“Mama yangu hakukufa,” akasema. “Alizaliwa tena na kaka yangu. Ako hapa hapa jikoni, anawapikia. Leta nitampelekea.”

Wageni walifurahi. Yule mzee akakataa kulitoa. Akasema hawakutoka mbali kote huko ili cucu aletewe blanketi jikoni kama mgonjwa. Atoke, aketi, wamwone, na awape neno. Wanawake wa upande wao wakaanza kuniimbia. Shangazi akageuka kunitazama, bado anacheka, na kwa macho aliniambia nije haraka, nipokee, nirudi.

Niliweka sufuria chini. Nilitembea na gambuti zangu juu ya zile nyasi zilizofyekwa, wakanitolea kiti cha mbele, karibu na wazee. Nikaketi. Mzee akanipa heshima zote, akaniita cucu, akauliza kama nimelala vizuri, watu wakacheka kwa wema. Akaniuliza kama nina neno kwa watoto wangu kabla sijafunikwa.

Nilifuta mikono kwenye leso, kidole kwa kidole, hata watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Nadhani walidhani naona haya, na kweli nilikuwa naona haya. Nikamtazama shangazi, nikamwita jinsi mama anavyomwita mtoto wake.

“Mwanangu,” nikasema, “wageni wameuliza kama nimelala vizuri. Waambie mama yako analala wapi.”

Mzee alicheka peke yake, kisha akaona kwamba hakuna anayecheka naye.

“Waambie mimi nalala stoo na chakula ya kuku. Waambie ulinitoa kwa baba yangu unisomeshe, na hii ni Januari ya tano. Waambie vile ulitoa kitabu yangu ukawashia moto ya kuku, nikiangalia. Mimi ndio nilikuzaa. Nilikukosea nini?”

Sikupaza sauti. Nisingeweza hata kama ningetaka. Lakini mahali pakinyamaza, sauti nyembamba hufika mbali, na niliona imefika mpaka kwenye viti vya nyuma, ambako vijana wa wageni waliinua vichwa kutoka kwenye simu zao. Blanketi la shangazi lilikuwa linateleza begani, naye hakulishika. Akasema kwa wepesi kwamba mtoto huyu ana utani, huwa hivi. Wanawake wa kanisa, wale wale walionisalimia kwa mikono miwili, walikuwa wanayatazama mabati ya stoo.

Mzee yule hakunitetea wala hakumkemea mtu. Alikuwa mgeni. Alisema tu, kwa upole, kwamba wao hawajawahi kula katika nyumba ambayo mama yake ana uchungu. Kwa hiyo watasubiri. Mama apewe chakula kwanza, kwa mkono wa mtoto wake, halafu wao.

Shangazi aliniletea sahani mwenyewe. Alilazimika kuinama ili nisisimame. Alinishikia birika la maji nikanawa, naye akashika na taulo. Akanifunika blanketi, akanifunga mbele. Halafu nikala. Nilikula kama ninavyosoma. Nilitafuna kila punje ya mahindi ya mukimo, nikatafuna tena. Watu karibu themanini walikuwa na njaa, mchuzi unapoa, mbuzi anakauka, nao wote walikuwa wananitazama. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Nilipomaliza nikaomba kuongezwa.

Binti yake alikuwa amefunikwa leso pamoja na wasichana wengine, akisubiri mchumba amtambue. Aliposikia yote yale alilia chini ya leso, ndiyo sababu akatambuliwa mara moja. Yeye hakuwa amenikosea. Najua hilo. Nililijua hata siku ile, nikaendelea kutafuna.

Asubuhi yake nilirudishwa Kieni na mfuko wangu. Baba alitazama blanketi, akanitazama mimi, akatoka kwenda kwa mbuzi. Shule sikuenda hata baada ya hapo; nilikuwa nimekuwa mkubwa, na kwetu hakukuwa na namna. Sasa nachagua viazi Chaka, vikubwa huku, vidogo kule, na jioni nasoma ninachopata.

Mwaka jana binti wa shangazi alipita sokoni na mume wake. Aliniona kabla sijajificha. Alikuja, akasimama mbele ya magunia, akatoa kitabu kwenye mkoba. Kilikuwa kile kile, kizima, chenye jalada.

“Nilikitafuta Nyeri mpaka nikakipata,” akasema. “Siku ile ndio nilijua mama alichoma, nikamuuliza ni kipi. Mwisho wake ni mzuri.”

Nilimshukuru vibaya, kwa kutikisa kichwa. Sikungoja jioni. Nilikaa juu ya gunia nikakifungua pale msichana amesimama mlangoni, wageni wanamtazama, akafungua mdomo.

Akasema, karibuni chakula.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa. Akawapa vikombe. Kisha, karatasi baada ya karatasi, mke wa mwenye kinu anaugua, msichana anamwosha, anamlisha uji, anagundua kwamba yule mama naye aliachwa utotoni, wanashikana mikono dirishani. Mwisho amemsamehe yote aliyokuwa ameyakariri. Karatasi kumi na sita za msamaha. Zile zile kumi na sita zilizowasha moto wa kuku.

Nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Nilimkasirikia msichana kwanza, halafu nikacheka peke yangu juu ya gunia mpaka wenzangu wakauliza nimesoma nini. Maana kama shangazi angetumia kuni kavu siku ile, ningesoma mpaka mwisho. Nilimwamini yule msichana kwa kila kitu. Nadhani ningemfuata hata hapo, na siku ya mablanketi ningepokea kimya, nikarudi jikoni, nikasema karibuni chakula. Shangazi alichoma yeye mwenyewe msamaha wake, ili anyonyoe kuku watatu.

Mwezi wa nane alikuja kwetu. Amezeeka kidogo, miguu inavimba. Alileta mkate na sukari, akakaa kwenye kiti kile kizuri, akaongea na baba kuhusu mvua. Mimi nilipika chai. Nilipohisi ataomba njia ya chooni, nilitangulia na kitabu chini ya leso. Nilichana zile karatasi kumi na sita kutoka nyuma, kwa uangalifu, nikazitoboa na kuzitundika kwenye msumari kwa mpangilio wake, ile ya karibuni chakula ikiwa juu.

Alikaa ndani sana. Nilisimama karibu na tangi nikiosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. Alipotoka alinawa mikono, akakausha kwenye sketi, akaniangalia.

“Maitu,” akasema, “hujanisamehe.”

“Bado, mwanangu,” nikamjibu.

Akachukua mfuko wake akaaga. Alipokwisha kuvuka barabara nilikwenda chooni kuangalia. Zilibaki kumi na nne. Alikuwa amechukua mbili za juu. Sijui kama alizisoma kwanza. Zilizobaki nimeziacha pale pale msumarini, na nimemwambia baba asiziguse. Shangazi amesema atarudi Krismasi.